Kimya cha Bi Mwatime

Siku ya tatu ya msiba, marehemu alipokea mgeni.

Wanawake walikuwa wamejaa uani, wamekaa mikekani, hawa wanapepeta mchele, wale wanasinzia kwa uchovu wa kulia. Mlango wa ua ukasukumwa, akaingia mama mmoja mrefu, mkavu wa mwili, amejitanda kitenge kizito cha nchi za baridi, mkononi ana kikapu cha viazi. Kabla hajapiga hodi, sauti ikatoka chumbani kwa Bi Mwatime. Ilikuwa sauti ya Bi Mwatime mwenyewe, ile ya kukwaruza kidogo mwisho wa neno.

"Mama Ambokile, umefika? Karibu, mwenzangu. Pole na safari."

Ungo ukamtoka mtu mkononi, mchele ukamwagika. Mwanamke mmoja akaanza kusoma dua chini kwa chini. Mejumaa, binti wa marehemu, alikuwa amesimama katikati ya ua na birika la chai, na birika likawa zito ghafla. Yeye ndiye aliyemwosha mama yake kwa mikono yake. Alijua alivyokuwa baridi mgongoni.

Mgeni peke yake hakushtuka. "Nimefika, Mama Mbwana," akalijibu dirisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani wa miaka. Halafu akaweka kikapu chini, akafunika uso kwa kitenge, akalia.

"Kizimeni kidude hicho," Shangazi Riziki akasema. "Maiti gani huyu anakaribisha wageni na sisi wenyewe tupo?"

Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyekizima, maana hakikuwa na mahali pa kukizimia.

*

Kidude chenyewe kilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, kimebandikwa ukutani juu ya kitanda cha marehemu. Kila nyumba ya Delta iliyozika mtu wa vita ilikuwa nacho, na kila nyumba ya Mwinuko vilevile, na siku hizi inasemekana hakuna nchi duniani isiyokuwa navyo. Ndiyo Jamvi hilo, mtandao wa kupatanisha. Watu wazima wanakumbuka enzi ambazo mitandao ilikuwa inashibia hasira za watu: mtu anaamka hana ugomvi na yeyote, jioni keshaonyeshwa adui wa kumchinja. Vita vya Lango vilianzia humohumo. Watu wa Mwinuko walionyeshwa video za watu wa Delta wakiwatukania wazee wao, watu wa Delta wakaonyeshwa za Mwinuko wakioshea magari maji ya mto, na nyingi ya video hizo hazikuwahi kupigwa na kamera yoyote. Lango la bwawa huko juu likafungwa. Mto ukakauka, bahari ikapanda mtoni, mpunga ukafa umesimama, watoto wakanyweshwa maji ya chumvi. Vijana wa Delta wakapanda kwenda kulivunja Lango. Mmoja wao alikuwa Mbwana, kaka yake Mejumaa. Alirudishwa kwenye mkokoteni.

Basi wenye akili zao wakakaa wakajiuliza: kama mtandao umeweza kuwagombanisha watu wasiojuana, utashindwaje kuwapatanisha? Lakini mtu aliyefiwa utamwambiaje akapige soga na aliyemuulia mtu wake? Kwa hiyo kila mfiwa akapewa naibu. Kisanduku kilimsikiliza nyumbani kwake, kikajifunza sauti yake na namna yake ya kupanga maneno, kisha naibu akaenda kukaa mtandaoni na upande wa pili kwa niaba yake. Naibu hachoki. Akitukanwa hakasiriki. Anauliza habari za mvua na za mguu unaouma, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka chuki inakosa pa kukaa. Neno moja tu hakuruhusiwa kulitamka bila ruhusa ya mwenyewe, nalo ni neno la kusamehe. Hilo mfiwa aliulizwa mara tatu.

Na jambo hilo lilifanya kazi, tusidanganyane. Bunduki zilinyamaza Delta, zikanyamaza na kwingine ambako watu walikuwa wamekwisha kata tamaa. Ambokile, askari aliyempiga Mbwana risasi, alikuwa jela anasubiri kitanzi. Mama Mbwana, yaani Bi Mwatime, aliposamehe, akatolewa, akawekwa mlinzi wa Lango, awafungulie maji watu aliowaulia kijana wao. Ndiyo iliyokuwa rehani ya mkataba wa amani. Msamaha ukisimama, Ambokile anabaki Langoni. Ukianguka, yeye anarudi jela, na Lango linarudi kwa wanajeshi wa Mwinuko, ambao wengi wao hawakuwahi kuupenda mkataba huo hata siku moja.

Mejumaa alikuwa mkulima wa mpunga. Kila alfajiri alishuka mferejini, akachovya kidole, akaonja. Maji ya Langoni huchukua siku mbili kushuka hadi Delta, na kwa miaka kumi na moja yalikuwa matamu.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Tangu kisanduku kibandikwe ukutani, mama yake aliacha kusema. Akitaka chumvi alinyoosha kidole. Akiulizwa umelalaje aliinua mabega. Mejumaa alidhani ni majonzi, akampeleka kwa madaktari, wakamwambia koo ni zima. Akazoea. Mtu huzoea mengi, hata nyumba isiyo na neno.

*

"Mama yako amenilea uzeeni," mgeni alimwambia Mejumaa. Walikuwa wamekaa nyuma ya jiko, mbali na watu wa habari waliokuwa wamejipanga nje ya ua kumpiga picha mtu wa kwanza wa Mwinuko kuja msibani Delta tangu vita. Jina lake lilikuwa Tusekile, ila wote walimwita kwa jina la mwanawe, na kila aliyelitamka pale uani alilitamka harakaharaka, alimalize.

"Mlikuwa mnaongea kila siku?"

"Kila alfajiri. Nilipougua tumbo alinihimiza ninywe uji. Siku niliyoshindwa kuomba, aliniombea." Tusekile akapuliza chai yake. "Na akanisimulia Mbwana, mwanangu. Mimi sikuthubutu kuuliza, yeye ndiye alianza. 'Mwanangu Mbwana alikuwa mwoga wa vyura,' akaniambia. Tukacheka, kisha tukalia. Nikasema, Mungu, mwanamke huyu ana moyo gani?"

Mejumaa akaitazama chai yake. Mbwana alikuwa hamwogopi chura yeyote. Alikuwa akiwaokota mferejini, anarudi nao mifukoni, anapigwa. Na kulikuwa na jambo la pili, dogo, ambalo lilimpandisha baridi. Mbwana alipewa jina la babu yake mzaa mama, na Bi Mwatime hakuwahi kumwita mwanangu hata siku moja ya uhai wake. Alimwita baba. Baba kala? Baba kaoga? Hata siku ya mkokoteni alisimama mlangoni akasema, "Baba amerudi," na hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho ambayo Mejumaa aliyakumbuka kwa sauti yake yenyewe.

"Hujambo, mwanangu?" Tusekile akauliza.

"Sijambo, mama. Kunywa chai, inapoa."

*

Shangazi Riziki alikuwa jikoni anakoroga pilau kwa mwiko mrefu, jasho linamtiririka.

"Shangazi, mama alikuwa anasema?"

"Anasema wapi?"

"Popote. Miaka yote hii."

Shangazi akaacha kukoroga. Akamtazama Mejumaa, akafunika sufuria, akamvuta mkono mpaka kwenye kizingiti cha nyuma. "Kwangu alikuwa haniachi nipumue," akasema. "Akija kwangu kusuka mkeka, anasema mpaka mate yanakauka. Anasengenya mtaa mzima. Wifi yangu yule, ulimi wake ulikuwa una makali, hukumbuki?"

Mejumaa alikuwa amesahau kwamba mama yake aliwahi kuwa na ulimi. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, akakaa kizingitini.

"Alisema, 'Wifi, mle ndani mna kitu kinanisikiliza. Kila neno langu kinalichukua, kinampelekea mama yake yule aliyemuua baba. Nikitukana kitajifunza kutukana kwa sauti yangu. Nikilia kitajifunza kulia. Bora nikinyime.' Ndiyo akakinyima."

"Na kusamehe?"

"Kumsamehe nani?" Shangazi akajipangusa uso kwa upande wa kanga. "Jina la mama yule lilikuwa halitajwi kwangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Nilimwambia, twende tukaseme ukweli, wewe hujasamehe mtu. Akasema, 'Tukisema Lango litafungwa. Mejumaa ana shamba.'"

Ndani, sufuria ilikuwa inaanza kuungua. Shangazi akainuka kwenda kuiokoa, akamwacha pale.

*

Afisa wa Jamvi alikuja siku ya pili yake na mkoba mwembamba. Alikuwa kijana wa Delta mwenyewe, Shali, mwana wa marehemu shehe aliyefungisha nusu ya ndoa za mtaa. Alitoa pole kwa adabu, akaomba waingie chumbani kwa marehemu, akaeleza taratibu. Naibu hafi na mwenyewe, alisema. Ijumaa, watu wakikusanyika kuanua matanga, mrithi ataulizwa hadharani, pande zote mbili zikisikiliza: kauli ya marehemu inasimama? Akisema ndiyo, naibu anaendelea. Akisema haisimami, naibu anazimwa, na msamaha unafutwa palepale.

"Nataka nisikie alivyosamehe," Mejumaa akasema.

"Dada Mejumaa, watu huwa hawaombi hilo."

"Mimi naomba. Mama hakumwita Mbwana mwanangu, Shali. Alimwita baba. Kitu hiki kinamwita mwanangu."

Shali akaangalia mlango, kisha akafungua mkoba. Kikasikika kwanza chumba: jogoo wa mbali, na mbuzi ya kukunia nazi ikienda kwa mwendo ambao Mejumaa aliujua tangu tumboni. Kisha sauti ya kisanduku, laini, ikauliza: Bi Mwatime, je, umemsamehe Ambokile kwa damu ya mwanao? Mbuzi ikasimama. Kimya. Ikauliza tena. Kimya, na pumzi ya mtu. Ikauliza mara ya tatu. Kimya kirefu. Halafu mbuzi ikaanza tena, kwa nguvu, mpaka mwisho.

"Umezima?" Mejumaa akauliza.

"Imekwisha."

"Mbona hajajibu?"

Shali akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. "Jamvi lilipokuja, waliuliza wazee wa kila mahali: watu wenu wakikubali jambo zito, hukubali vipi? Hapa aliulizwa baba yangu. Na baba alikuwa mtu wa ndoa. Bi harusi akiulizwa mara tatu nyuma ya pazia, huwa anasema? Hasemi. Anaona haya, ananyamaza, bibi yake anatoka anasema amekubali, tunapiga vigelegele. Baba akawaambia hivyo. Mwanamke mwungwana wa Delta akikubali, hunyamaza. Wakaandika."

"Mama hakuwa bi harusi. Alikuwa ameletewa mtoto kwenye mkokoteni."

"Najua."

"Mmeyapata wapi hayo maneno ya kumsamehe kila siku?"

"Naibu alitungiwa maneno kutokana na wengine. Wanawake wa umri wake, wa mtaa huu. Yeye mwenyewe hakutoa maneno ya kutosha. Sauti ilichukuliwa kwenye mikanda ya zamani ya harusi." Shali alikuwa anaisugua kamba ya mkoba. "Wa kimya ni wengi, dada. Zaidi ya nusu ya misamaha ya Delta ni hivi."

"Na kwingine duniani?"

"Kila mahali tuliwauliza wenyewe ndiyo yao ikoje. Kuna wanaoinamisha kichwa. Kuna wanaopokea zawadi. Kuna wanaoondoka bila kuaga."

"Na hapana yao mliwauliza ikoje?"

Shali akafunga mkoba, akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka, uso umemsawajika. "Ukisema haisimami, watu wa dunia nzima watataka kusikia mikanda yao. Na kuna mahali watu wana silaha kuliko sisi. Sikutishi. Nimekwambia tu, maana na mimi nina watoto."

*

Mejumaa alibaki mle chumbani. Mchana ulikuwa mkali dirishani, watoto wanacheza nje, na kitanda cha mama yake kilikuwa kimetandikwa shuka safi ambayo hatailalia mtu.

"Wewe ni nani?" Mejumaa akakiuliza kisanduku.

"Mimi ni naibu wa Mama Mbwana." Kikajibu kwa sauti ya mama yake, na mwili wake wote ukataka kuitika labeka. Alikuwa amekaa miaka kumi na moja bila kuisikia sauti hiyo ikimwambia yeye neno.

"Mama alisamehe?"

"Niliambiwa amesamehe. Baadaye sikuwa na hakika. Nilikuwa nikimsikia akifika mlangoni anakata maneno. Nilikuwa nikisikia hatua zake zikienda nje, na huko mbali sana kuna mtu anacheka. Sikujua ni yeye."

"Ulijua hakusamehe, na ukaendelea."

"Mama Ambokile alikuwa akiniita kila alfajiri. Mwanzo alikuwa anataka kujiua. Ningemwambiaje?"

Mejumaa hakujua angemwambiaje. Aliuchukia ukweli huo, kwamba hakujua.

"Mara moja alisema nami," naibu akaongeza. "Wiki ile aliyolala asiinuke. Ulikuwa shamba. Nimeyahifadhi. Utasikiliza?"

Hakusema ndiyo. Kisanduku kikacheza hata hivyo. Pumzi nzito, kitanda kikilia, kisha sauti ya Bi Mwatime, nyembamba, ya mtu anayekwenda: "Yule mama bado anakuja kwako? ... Kila siku? ... Haya. Mimi baba yangu siwezi kumtoa bure. Siwezi. Wewe msamehe, wewe huna mtoto."

Mejumaa alilia, akalia mpaka akaegemea ukuta, na furaha ilikuwamo ndani ya kilio hicho. Hayo yalikuwa maneno ya mama yake, yenye makali, yenye baba ndani yake. Tena yalikuwa yanatosha. Mama hakusamehe, lakini alimwachia mwingine asamehe. Ijumaa angeweza kusimama akasema inasimama, wala asingekuwa mwongo, na mfereji ungebaki na maji yake.

Alikuwa amekwisha jifuta machozi ndipo lilipomjia. Baba. Saa moja iliyopita, humu humu, alimwambia Shali kwamba mama yake alimwita Mbwana baba. Kisanduku kilikuwa kinasikia.

"Hayo maneno aliyasema kweli?" akauliza.

"Aliyasema."

"Au umeyatunga sasa hivi, baada ya kunisikia?"

"Ungependa nikujibu vipi, Meju?"

Hakuna mtu aliyemwita Meju ila mama yake, zamani, kabla ya vita, na hakukumbuka kama jina hilo limewahi kutajwa mle chumbani. Labda lilikuwamo kwenye mikanda ya harusi. Labda mama yake alilisema siku hiyo ya mwisho, naye Mejumaa yuko shamba. Alitoka mbio, akaufunga mlango, akausukumia kinu.

*

Alhamisi Mejumaa alimchukua Tusekile wakashuka mferejini, wao wawili. Alikuwa amemwomba Shali mkanda, na Shali alimpa bila kubishana. Alimweleza yote kwa ufupi, bila kumtazama usoni, kisha akamwekea simu sikioni.

Tusekile alisikiliza jogoo na mbuzi, na kimya cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipomaliza aliomba arudiwe. Aliporudiwa aliinamisha kichwa, akashika magoti.

"Huyu ndiye," akasema. "Yule wa alfajiri alikuwa mwema mno. Miaka yote hakunitukana hata mara moja. Nilikuwa najiambia, ni utakatifu. Lakini moyo wangu ulikuwa ukiniambia, Tusekile, mwanamke aliyeuliwa mtoto hawezi kukuuliza habari za uji kila siku."

"Mbona uliendelea kumwita?"

"Nilikuwa na nani mwingine?"

Maji yalikuwa yanapita miguuni mwao, na upepo ulikuwa unalaza mpunga upande mmoja.

"Nikisema kesho haisimami," Mejumaa akasema, "mwanao atarudi jela."

"Najua."

"Na mimi nitakosa maji. Mama alilijua hilo akajimeza mwenyewe kwa ajili yangu. Niambie nifanyeje, mama."

Tusekile akayatazama maji. "Mimi siwezi kukuambia useme hakusamehe, yule ni mwanangu. Na siwezi kukuambia useme amesamehe, maana nimemsikia." Akasimama kwa shida, akajipangusa kitenge. "Kesho nitakuwa nimekaa pale mkekani. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuahidi."

*

Ijumaa, baada ya khitma, ua ulijaa mpaka watu wakakaa ukutani. Shali alisimama na mkoba wake. Kisanduku kilikuwa kimetolewa chumbani, kimewekwa juu ya kigoda katikati ya mkeka, na kila mtu alikaa mbali nacho kidogo. Huko Mwinuko, na Mungu ajuaye kwingine wapi, watu walikuwa wanasikiliza.

"Mejumaa binti Mwatime," Shali akauliza, "kauli ya marehemu mama yako inasimama?"

Mejumaa akanyamaza. Aliona mabega ya watu yakishuka kwa nafuu, akaona bibi mmoja akiinamisha kichwa taratibu, amekwisha itikia kwa niaba yake.

"Kauli ya marehemu mama yako inasimama?"

Akanyamaza tena, na mara hii hakuwa amekusudia. Ulimi ulikuwa mzito tu. Aliwaza kwamba mara ya tatu itamalizika hivihivi, hatakuwa na dhambi ya kusema wala ya kutosema, na mfereji utakuwa na maji. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Wangemwandika na yeye.

"Kauli ya marehemu mama yako inasimama?"

"Mama yangu hakusamehe," Mejumaa akasema. Sauti ilimtoka ikikwaruza mwisho wa neno, na watu walioijua sauti ya Bi Mwatime waligeuka kutazama kisanduku kabla ya kumtazama yeye. "Aliulizwa mara tatu, akanyamaza, na kimya chake kilikuwa hapana. Alimficha kila mtu ili sisi tulime. Nami nimelima miaka kumi na moja juu ya mdomo wake. Inatosha. Kizimeni."

Vijana wa nyuma wakaanza kusimama. Mmoja alimtazama Tusekile kwa namna ambayo Shangazi Riziki, bila kusema neno, alihama alipokuwa amekaa, akaenda kukaa ubavuni mwa mgeni, goti kwa goti. Shali alibonyeza kitu mkobani mwake. Kisanduku kikasema, "Mama Ambokile, umek..." kisha taa yake ikazimika.

Tusekile alikuwa analia, lakini hakuinuka. Alitoa simu kwenye kikapu chake. Akapiga, akakosea namba, akapiga upya, akaiweka mkekani mahali ambapo watu wote wangesikia.

"Ambokile."

"Naam, mama." Nyuma ya sauti ya mwanamume huyo kulikuwa na ngurumo ya maji yanayoporomoka, nayo ilijaa ua mzima wa Delta. "Nimesikia yote, mama."

"Uko Langoni bado?"

"Nipo. Gari za jeshi ninaziona zinapanda."

"Baba, wakikuchukua, wakuchukue. Lakini mkono wako usifunge. Hata wakikuambia ni amri. Umenisikia? Mama Mbwana hakukusamehe. Hakuna anayekudai shukrani. Nakuomba mimi. Usifunge."

Mejumaa alilisikia neno baba, akamtazama mwanamke yule. Kumbe hata Mwinuko humwita mtoto hivyo.

Upande wa pili hapakuja jibu. Ngurumo tu, na pumzi ya mtu. Ua mzima ulikuwa umejaa watu waliolelewa kuhesabu kimya kuwa ndiyo, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema amekubali. Tusekile aliita tena jina lake. Ngurumo. Akaita mara ya tatu. Kisha simu ikakatika, na hawakujua kama amekata mwenyewe au amekatiwa.

*

Watu hawakupigana siku hiyo. Waliondoka mmojammoja, wengine bila kuaga. Tusekile alilala kwenye kitanda cha Bi Mwatime, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpeleka kwingine, na kulipopambazuka Mejumaa alipita dirishani akamwona ameketi, ameegemeza kichwa kwenye ule ukuta wenye alama nyeupe ya mraba, anasikiliza.

Kule mferejini mpunga ulikuwa na umande. Wenye mashamba jirani walikuwa wameshafika, wamesimama kwenye matuta yao, hawasemeshani, wanamtazama yeye. Mejumaa akachuchumaa, akachovya kidole, akaonja.

Yalikuwa matamu. Yalikuwa maji ya Langoni ya juzi.